Ukienda Kujitolea Kando ya Msitu wa Kakamega: Miche, Rangi za Udongo na Palizi ya Juni

Wengi wanaokwenda kujitolea katika vijiji vya mazingira kando ya msitu wa Kakamega hufika na picha mbili kichwani: kupanda mti na kuchora ukutani. Yote mawili yapo. Lakini ukijumlisha saa za kazi za mwezi mzima, kupanda ni kwa siku chache, kuchora hungoja ukuta ukauke, na muda uliobaki ni wa kuchekecha udongo, kujaza viriba (vifuko vya plastiki vya kukuzia miche), kumwagilia, kung'oa magugu na kuzungumza na majirani kuhusu mbuzi wao. Anayelijua hilo kabla ya kupanda gari hukaa vizuri. Asiyelijua, wiki ya pili haijaisha ameanza kuuliza bei ya nauli ya kurudi.

Msitu wenyewe una wasimamizi wawili, na jambo hilo huwachanganya wageni. Upande wa kusini uko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya. Ukitoka Kisumu unashuka Khayega, kisha unashika njia ya Shinyalu hadi Isecheno. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na unasimamiwa na Huduma ya Wanyamapori ya Kenya. Ruhusa ya kuokota mbegu uliyopewa kusini haikuvushi kaskazini. Kijiji chochote kinachofanya kazi ya kurudisha msitu kinapaswa kujua kiko chini ya ofisi gani, na kama hakijui, hilo pekee ni jibu tosha.

Wakati wa kwenda

Mvua ndefu huanza Machi na kushika kasi Aprili na Mei. Mvua ya pili hunyesha kuanzia Agosti hivi hadi Oktoba au Novemba. Desemba hadi Februari ndio ukavu. Watu humiminika Aprili kwa sababu ndipo miche inapotiwa ardhini: vikundi vya shule, wafanyakazi wa kampuni, viongozi na kamera zao. Tangu serikali itangaze lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na hasa tangu Novemba 13, 2023 ilipofanywa sikukuu ya kupanda miti, mikono ya siku ya kupanda haikosekani. Inayokosekana ni ya Januari na ya Juni.

Januari na Februari kitalu kina kiu. Maji yanabebwa kutoka chemchemi, mashimo yanaanza kuchimbwa, na ndio msimu pekee ambao ukuta wa udongo unakauka sawasawa kwa ajili ya rangi na magogo yanakauka bila kuvu. Juni hadi Agosti ni palizi. Mche uliopandwa Aprili, kufikia Juni umezungukwa na nyasi zinazoupita urefu, na usipopaliliwa hutauona tena. Kama kalenda yako inakuruhusu kuchagua, chagua mojawapo ya vipindi hivyo. Muda wa chini wenye maana ni wiki nne. Chini ya hapo wenyeji hutumia muda mwingi kukufundisha kuliko ule unaowasaidia, ingawa hawatakuambia, maana mgeni hasemwi hivyo.

Ya kuuliza kabla ya kutuma pesa

Swali la kwanza ni ardhi ni ya nani. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2016, jamii hushiriki kutunza msitu wa umma kupitia chama cha jamii cha misitu chenye makubaliano na Huduma ya Misitu. Kama kijiji kinapanda ndani ya msitu bila chama hicho, mti unaoupanda leo unaweza kung'olewa kesho na ofisa anayefanya kazi yake halali. Kama kinapanda katika mashamba ya watu, uliza mwenye shamba ameahidi nini na ataruhusiwa kuvuna nini.

Swali la pili: nani hupalilia Juni, na analipwa na nani? Usikubali jibu la "jamii nzima". Palizi isiyo na jina la mtu haifanyiki.

La tatu ni mchango wako. Vijiji vingi hutoza kwa wiki, na kiasi hicho hujumuisha chakula na mahali pa kulala, wakati mwingine pia viriba na zana. Omba mgawanyo kwa maandishi. Kuna gharama ambazo hazitajwi kamwe kwenye tangazo: kiingilio cha msitu ikiwa mtatembea ndani, bodaboda ya kila wiki kwenda sokoni au kutafuta mahali pa kuchaji simu mvua ikizuia sola, mchango wa matanga jirani akifiwa, na nauli ya kurudi ghafla. Weka pesa ya nauli hiyo kando kabisa, na ukumbuke kwamba Desemba magari ya kuelekea magharibi hupandisha bei bila aibu. Asiye raia wa Kenya aulize mapema kuhusu kibali: idhini ya kuingia nchini kama mtalii si ruhusa ya kufanya kazi, hata kazi isiyo na mshahara.

Mzigoni beba gambuti, koti la mvua linalofika magotini, chandarua, tochi ya kichwani, na chupa ya maji ya chuma. Tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na hifadhi, kwa hiyo chupa ya maji ya dukani itakukwamisha langoni. Panga na jembe usibebe. Za huko ni bora na tayari zina mipini.

Ukifika, siku ya kwanza ni ya salamu. Sema "mulembe", kaa, kunywa chai, usikimbilie kitalu. Mzee wa kijiji apelekewe habari kabla hujaonekana njiani na panga. Wazee wa kike wengi huitwa kukhu, na ukimwita mtu hivyo umeshajiweka mahali pa mjukuu, yaani utatumwa maji. Ni heshima. Nenda.

Kitalu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika.

Mchanganyiko wa kawaida wa viriba ni udongo wa juu sehemu 3, samadi iliyooza sehemu 1, mchanga sehemu 1. Udongo wa juu usichotwe msituni bila ruhusa. Chini ya miti ya mashambani au kwenye ua wa zamani wa ng'ombe unapatikana mzuri tu. Samadi iwe imeoza kweli: ukiingiza mkono katikati ya rundo usisikie joto, na inuse kama udongo wa mvua. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta viwavi wanaokata miche usiku. Chekecha vyote kwa wavu wa waya. Changanya mara tatu kwa koleo, kutoka rundo hadi rundo, si kukoroga mahali pamoja.

Kabla ya kujaza, nyunyiza maji kidogo, kisha finya konzi. Udongo ukishikamana halafu ukavunjika unapougusa kwa kidole, uko sawa. Ukichuruzika ni mwingi maji, ukimwagika ni mkavu. Kiriba cha inchi 4 kwa 6 huchukua karibu nusu lita, na wilbaro moja iliyojaa hutoa zaidi ya viriba 100. Jaza theluthi ya chini kwanza, shindilia kwa vidole, ndipo umalizie, ukiacha sentimita moja juu kwa ajili ya maji. Kiriba kisichoshindiliwa chini hukunjika kiunoni, maji hayavuki mkunjo, na mche hukauka ilhali juu panaonekana pamelowa. Wageni huharakisha hatua hii kwa sababu wanataka kuhesabu viriba vingi. Mwenye kitalu huvirudia jioni wakiwa wamelala.

Panga viriba vimesimama wima, kumi kwa upana, kwenye tuta lisilozidi mita moja ili mkono ufike katikati. Kumi kwa upana pia hurahisisha hesabu.

Mbegu za miti ya asili ya Kakamega hazifanani tabia. Mwiritsa, yaani Prunus africana, mti ambao gome lake husafirishwa nje kwa dawa na ambao biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES tangu 1995, una mbegu isiyotaka kuwekwa. Okota matunda yaliyoiva, sugua nyama yake ndani ya maji, kausha kivulini, panda mara moja. Ukiiweka kwenye bahasha ukingoje mwezi ujao, umetupa kazi. Huota baada ya mwezi mmoja hadi miwili. Musine, Croton megalocarpus, nayo ina mafuta mengi na hupoteza uhai haraka, ila ikiwa mbichi haina ukaidi. Mukomari, Cordia africana, imefungwa ndani ya kokwa gumu na inaweza kukuweka hata miezi miwili bila dalili yoyote. Watu wengi huumwaga mchanga walimoatika mbegu za mukomari wakidhani umekufa, wiki moja kabla haujaota. Lusiola, Markhamia lutea, mbegu yake ni nyepesi yenye mabawa. Funika kwa mchanga mwembamba tu na nyasi kavu juu, la sivyo tone la kwanza la mvua litazisomba zote kwenye kona. Shikuma, Zanthoxylum gilletii, ni msumbufu wa kuota, kwa hiyo wengi hutegemea miche iliyojiotea msituni, ambayo nayo inahitaji ruhusa ya msimamizi. Mutere, Maesopsis eminii, hukua haraka na hupendwa kwa sababu hiyo. Kwa Kakamega ni mti wa nyumbani. Usiubebe zawadi kupeleka kwingine: katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, ulipelekwa kupandwa ukageuka mvamizi wa msitu wa asili.

Mbegu zikusanywe kutoka kwa miti mama mingi, angalau 10 iliyoachana mita 50 au zaidi, si kutoka kwa mti mmoja mzuri ulio karibu na choo cha wageni. Miche ya mama mmoja ni ndugu, na ugonjwa ukija huwamaliza pamoja. Andika kwenye daftari: aina, mahali, idadi ya miti mama, tarehe ya kuatika, tarehe ya kuota. Daftari hilo lina thamani kuliko picha zote zitakazopigwa mwaka huo.

Mche ukiwa na majani mawili ya kweli, uhamishe kutoka kitandani, yaani tuta la mchanga mbegu zilipoatikwa, kwenda kwenye kiriba. Fanya hivyo jioni. Ushike kwa jani, usiushike kwa shina, maana jani litaota jingine lakini shina likifinywa basi. Toboa kwa kijiti shimo refu kuliko mzizi, ushushe, kisha uvute juu kidogo ili mzizi unyooke. Mzizi uliopinda siku hiyo hubaki umepinda, na baada ya miaka mti huanguka kwa upepo watu wakashangaa.

Maji: asubuhi na jioni wakati wa jua, kwa kopo lenye kichwa cha matundu. Mvua ikinyesha, acha. Ugonjwa unaoua miche mingi kitaluni ni wa maji mengi na kivuli kizito. Utaona miche imelala, shingo imenyauka pale inapogusa udongo kana kwamba imefungwa uzi. Punguza maji, fungua kivuli, choteni miche iliyoathirika pamoja na mchanga wake mkaitupe mbali, na mchanga huo usirudi kitandani. Dawa za dukani si jambo la kukimbilia. Hewa hufanya kazi kubwa zaidi.

Mizizi ikianza kutokeza chini ya viriba, inua au sogeza kila kiriba mara moja kila wiki mbili au tatu, na kata inayoning'inia. Kazi hii inachosha mgongo na haina picha nzuri, kwa hiyo hurukwa. Matokeo huonekana siku ya kupanda: mche unang'olewa ardhini ukiacha nusu ya mizizi kitaluni. Wiki nne hadi sita kabla ya mvua, ondoa kivuli hatua kwa hatua na upunguze maji, ili mche uzoee ukali wa nje. Uwe na urefu wa sentimita 30 hadi 45, shina limekomaa, rangi ya kahawia imeanza kupanda kutoka chini. Mrefu na laini si mche mzuri, hata kama unapendeza.

Ukuta, ngoma na mitungi

Vijiji hivi hutangaza sanaa, na mgeni mwenye brashi hukaribishwa. Tatizo ni mgeni anayefika na makopo ya rangi ya mafuta. Rangi hiyo juu ya ukuta wa udongo huziba pumzi. Unyevu unaopanda kutoka chini unakosa njia, na kabla mwaka haujaisha mchoro unabanduka pamoja na lipu. Tumia rangi za udongo: nyekundu na manjano zimo kwenye kingo za barabara, nyeupe hutoka kwa wafinyanzi, nyeusi ni vumbi la makaa. Ponda, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa cha kanga kuukuu.

Gundi yake ni uji wa ngano. Koroga kikombe 1 cha unga katika vikombe 2 vya maji baridi hadi madonge yaishe, mimina kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka, endelea kukoroga hadi ung'ae na kuwa mzito. Ukipoa, punguza kwa maji kiasi kilekile, ongeza udongo uliochujwa hadi uwe kama maziwa ya mgando. Paka kiraka kimoja, ngoja siku mbili. Kikipasuka, udongo ni mwingi, ongeza mchanga laini sana. Kikitoa vumbi mkononi, ongeza uji. Usipike wa wiki nzima kwa sababu unachacha, na panya nao huupenda. Ukuta uloweshwe kwa maji kabla ya kupaka, na uwe chini ya upenu wenye kutokeza angalau nusu mita. Kakamega mvua huja mchana na upepo wake, na mchoro usio na upenu haumalizi Aprili.

Ni nini kichorwe? Michoro inayodumu na kuheshimiwa ni ile inayotumika: kalenda ya mbegu kwenye ukuta wa kitalu, mwezi kwa mwezi, mti gani unazaa lini, au majani na matunda kwa ukubwa wake halisi ili watoto watambue. Twiga na simba ziacheni kwa hoteli. Na kabla ya kuchora nyumba ya mtu, mwenye nyumba aseme, tena mama mwenye nyumba, kwa kuwa kukandika na kupamba ukuta ni kazi yake tangu zamani na wewe unaingia kwenye fani yake.

Ngoma ni habari nyingine. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, hupigwa kwa seti ya ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Mizinga yake huchongwa kutoka kwa gogo, na mukomari ni miongoni mwa miti inayopendwa kwa ngoma kwa sababu ni mwepesi, hauchongeki kwa taabu na sauti yake ni nzuri. Sasa mti wa kutosha kuchonga ngoma kubwa hauko tena kila boma. Hapa ndipo sanaa na upandaji vinapokutana kweli, si kwenye kauli za vipeperushi: mchonga ngoma ana sababu yake mwenyewe ya kutunza mukomari mpakani mwa shamba, na hamhitaji kumhubiria. Kijiji kikipanda mukomari, kimwite yeye achague mahali.

Ngozi ya asili ya isukuti ni ya kenge. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kuwa na ngozi ya mnyama pori bila kibali ni kosa, na mgeni atakayenunua ngoma hiyo kama kumbukumbu anaweza kujikuta akieleza uwanja wa ndege. Omba ya ngozi ya mbuzi. Mzee atakuambia wazi kwamba sauti si ileile, na ana haki. Gogo likikatwa, paka ncha zake mavi ya ng'ombe au nta na uliweke kivulini kwa miezi. Likichongwa bichi na kuwekwa juani hupasuka toka ncha hadi ncha. Kwa hiyo warsha ya wiki moja ya "tengeneza ngoma yako" hutumia gogo lililokauka tangu mwaka jana. Kama halipo, badilisha mpango.

Mitungi ya Ilesi, pale kwenye barabara ya Kisumu kabla ya kuingia mjini Kakamega, ndiyo ufundi wenye faida ya haraka zaidi kwa miche. Mtungi usiopakwa kitu, wa lita 4 au 5, ukizikwa hadi shingoni sentimita 20 hivi kutoka kwa mche na kufunikwa, huvuja polepole kupitia kuta zake na huvusha mche Januari kwa kujazwa kila baada ya siku chache. Ufinyanzi wake unahitaji udongo uliochanganywa na vigae vilivyosagwa, kukauka kivulini kwa siku kadhaa, na kuchomwa siku kavu isiyo na upepo. Mtungi wenye unyevu hulipuka motoni na kuvunja jirani zake. Huwezi kuzika mtungi kwa kila mche wa ekari nzima, ni mzito na ni ghali. Weka kwa miti ya matunda na ile michache ya thamani karibu na nyumba.

Vibao vya majina ya miti vinatengenezwa vizuri kwa mikebe ya soda iliyokatwa na kuandikwa kwa msumari. Usivifunge kwa waya kwenye shina. Mti hunenepa, waya haulegei, na baada ya miaka miwili umeunyonga mti uliokuja kuuokoa. Vitundike kwenye kijiti cha pembeni.

Kupanda

Mashimo huchimbwa wiki mbili hadi nne kabla, sentimita 45 kila upande na kina hicho hicho, udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine. Usipande mvua ya kwanza inapoanguka. Ngoja hadi ukichimba ukute unyevu kufikia sentimita 30. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja huchukua miche 450 hivi, hekta 1,111. Chana kiriba kwa wembe, usikivute, na kusanya kila karatasi mfukoni. Udongo wa juu urudi kwanza. Shingo ya mche ikae sawa na ardhi. Shindilia kwa kisigino pole, kisha tandaza nyasi kavu kwa duara bila kugusa shina, maana nyasi zinazogusa shina huleta mchwa.

Kuna nyika ndogo za nyasi ndani ya msitu wa Kakamega, na mgeni akiziona huona pengo la kujazwa. Siyo. Nyingi ni za zamani, zina vipepeo, ndege na mimea yake. Usipande pale. Mapengo halisi ni yale yaliyokatwa miti na yale ya mapera yaliyojiotea ukingoni, ambayo hukatwa kwa mstari na kuingizwa miche ya asili katikati, huku mapera mengine yakiachwa kwanza kama kivuli.

Jirani anayepanda mikaratusi usimhubirie pia. Nguzo zake huuzwa baada ya miaka michache na karo haingoji mwiritsa. Mazungumzo yanayofika mahali ni ya wapi: mikaratusi mbali na chemchemi, ya asili kando ya mto.

Palizi ni duara la mita moja kuzunguka mche, mara mbili au tatu kwa mwaka, miaka miwili hadi mitatu. Chomeka kijiti kirefu kando ya kila mche siku ya kupanda, la sivyo mpaliliaji wa Juni ataukata pamoja na nyasi. Hesabu zilizo hai zifanywe miezi 3, 6 na 12 baadaye, kwa mstari mzima, si kwa kukadiria ukiwa barabarani. Fuko hula mizizi kutoka chini na mche husimama kijani siku kadhaa kabla ya kunyauka; ukiuvuta unatoka bila upinzani. Mbuzi humaliza mstari mzima asubuhi moja. Dawa ya mbuzi ni mazungumzo na mwenye mbuzi kabla ya kupanda, na hata yeye kulipwa kulinda.

Mwili na moyo

Malaria ipo. Lala ndani ya chandarua kila usiku, na homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo, usijitibu kwa kukisia. Ndani ya msitu kuna kifutu, swila wa msituni na koboko wa kijani. Gambuti, fimbo ya kupekua majani, na usitie mkono pasipoonekana. Uliza mapema hospitali ipi ina dawa ya nyoka na nani ana gari usiku. Radi ni nyingi mchana. Ngurumo ikisikika, ondoka chini ya miti mirefu na uache jembe. Maji yachemshwe. Miguu ikaguliwe kama kuna funza, na itolewe na mwenye ujuzi kwa sindano iliyochomwa moto.

Upweke huja wiki ya pili au ya tatu, mvua ikikushikilia ndani mchana kutwa na simu haina chaji. Jikoni kuna kazi daima: kuchambua mrenda na likhubi ni njia bora ya kujifunza majina na kusikia habari za kijiji. Kukitokea msiba, kazi inasimama. Usinung'unike kuhusu ratiba, nenda matangani ukae na watu. Na utakapoona mstari wa miche imekufa, miche uliyoijaza mwenyewe viriba, utasikia uchungu kuliko ulivyotarajia. Chimba mmoja, tazama mzizi, andika sababu daftarini.

Kuondoka

Usiage siku ya gari. Anza wiki moja kabla: mkabidhi mtu mmoja mwenye jina daftari la kitalu, umwonyeshe tuta gani lina mbegu gani na ni lipi bado halijaota lisimwagwe. Picha za watoto ulizopiga, waulize wazazi kabla ya kuziweka popote. Kama mchoro au mtungi wako utauzwa, muandikiane sasa nani anapata nini, kwa kuwa ahadi ya mdomo baina ya mgeni na kikundi hugeuka ugomvi wa wenyeji wewe ukiwa umeshafika Nakuru. Gambuti zako ziache, kuna mguu unaozitosha. Na ukitaka kutuma pesa baadaye, zitumwe Mei kwa ajili ya palizi ya Juni, kwa namba ya kikundi na si ya mtu binafsi, na uombe urudishiwe hesabu ya miche iliyo hai, mstari kwa mstari.